Springi za Orrin

Niseme ukweli mapema tusipotezeane muda: kufikia mwezi wa nne mwaka ule, mimi nilikuwa nimechoshwa na mkono wa kulia wa Orrin Habegger kuliko Orrin mwenyewe. Ulitetemeka ukiwa umelala juu ya goti. Ulitetemeka ukishika kikombe, na ulitetemeka ukishika rimoti ya ndege, na hapo ndipo shughuli ilipokuwa. Daktari wa mjini Fort Wayne aliupa ugonjwa jina, akatoa vidonge vya kumeza mara tatu kwa siku, akamkataza kuendesha trekta. Habari za ndege hakuzigusa, kwa kuwa Orrin hakumwambia kwamba anarusha.

Ni ndege za mfano, zisizobeba mtu, ingawa mabawa ya ile ya Orrin yalikuwa marefu kunizidi mimi. Tunazirushia kwenye kipande cha nyasi kati ya shamba la mahindi na shamba la soya, kusini mwa Fort Wayne. Mimi ndiye mwalimu wa klabu. Naitwa Lowell Amstutz, na cheo hicho ninacho mwaka wa ishirini na sita sasa, kwa sababu siku ya kumchagua mwalimu nilikuwa nimetoka kwenda chooni, niliporudi nikakuta wananipigia makofi. Tangu hapo kila bawa lililovunjika linaletwa gerejini kwangu, na kila mtu mwenye swali ana namba yangu ya simu. Nina miaka sabini na tatu. Nimechoka, na nikisema nimechoka watu hucheka, wanadhani ni mazoea yangu ya kulalamika.

Orrin nilimfundisha mimi mwenyewe. Baada ya miaka mitatu alikuwa amenipita, na sikuona wivu, au niliuona kidogo tu. Alikuwa akitua kiasi kwamba watu waliokaa kwenye viti walikuwa wanaulizana kama magurudumu yamegusa chini au bado. Sasa mtu kama huyo, mkono ukianza kumsaliti, inauma kumtazama.

Mwezi wa nane uliotangulia, ndege yake ilipita juu ya meza tuliyokuwa tumekaa tukila pai, chini kabisa, mpaka kofia ya mtu ikaruka. Darlene Fry ndiye msimamizi wetu wa usalama. Aliendesha basi la shule kwa miaka thelathini, kwa hiyo anajua kusema hapana bila kupandisha sauti. Aliamua kuwa kuanzia siku hiyo Orrin harushi peke yake, mpaka rimoti yake iunganishwe na yangu.

Mambo yenyewe ni mepesi. Ndege inasikiliza rimoti yangu. Rimoti yangu inasikiliza ya Orrin, maadamu kidole changu kimevuta swichi moja ndogo iliyoko juu. Nikiiachia, Orrin anabaki anasukuma vijiti vya rimoti yake bure, na ndege ni yangu. Orrin alikubali kwa sharti moja, kwamba nisiiguse ndege yake isipokuwa inakwenda kumuumiza mtu. Tukapeana mikono. Mkono wake ulitetemeka ndani ya wangu, nami nikaapa.

Kiapo nilikishika Jumamosi mbili. Jumamosi ya tatu ndege ilikuwa inakuja kutua huku inayumba kama mlevi anayetafuta mlango, nami nikaona usiku wangu wote wa kuitengeneza kwa gundi na mbao nyembamba unaningoja. Nikaachia swichi. Sekunde nne tu, nikaitua mwenyewe, nikavuta swichi tena. Waliokaa kwenye viti wakapiga makofi. Orrin aliitazama ndege, akanitazama mimi, akaniuliza ametuaje. Nikamwambia ametua vizuri.

Baada ya hapo kila kutua kulikuwa kwangu. Kuanzia mwezi wa tisa hadi theluji ilipoanguka, na tena theluji ilipoyeyuka. Sikupanga. Ilikuwa kama mtu anayemsaidia mwenzake kufunga kifungo cha shati mara moja, halafu anajikuta anamvalisha kila siku. Na kila Jumamosi aliniuliza swali lile lile, kwa maneno yale yale, nami nikajibu jibu lile lile.

Mwezi wa tatu, kwenye mkutano wa klabu, Darlene alitangaza kwamba mwenye kizuizi anayetaka kiondolewe afanye mtihani Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nne. Aruke, azunguke uwanja mara mbili, achore namba nane angani, atue kati ya mistari miwili myeupe. Peke yake, bila rimoti ya mwalimu. Orrin akanyoosha mkono, ule ule wa kulia, ukawa unatetemeka juu ya vichwa vya watu, na hakuna aliyecheka.

Kesho yake alikuwa mlangoni pa gereji yangu na rimoti kwapani.

"Nikazie springi," akasema. "Mkono huu unavisukuma vijiti bila kuniuliza. Vikiwa vigumu, kutetemeka hakutafika kwenye ndege."

Wazo lilikuwa zuri, na nilikasirika kwamba halikuwa langu. Kila kijiti kina springi ndogo inayokirudisha katikati ukikiachia. Ukilegeza springi, pumzi tu inakisogeza. Ukiikaza, lazima udhamirie. Kwenye rimoti yetu kijiti cha kulia kina springi mbili, moja ya kulaza ndege kushoto na kulia, nyingine ya kuinua na kushusha pua. Cha kushoto, upande wa nguvu ya injini, hakina springi, kinakaa pale unapokiacha, na mkono wake wa kushoto haukuwa na neno.

Basi tukatoa betri, nikabandua mpira wa kushikia nyuma, nikafungua skrubu sita na kuinua mgongo wa rimoti. Humo ndani skrubu za springi ni ndogo kama punje za mtama. Ukigeuza kulia unakaza, ukigeuza kushoto unalegeza, na ukilegeza kupita kiasi springi inachomoka kwenye kulabu yake, unatambaa sakafuni na tochi mpaka chakula cha jioni. Mimi hugeuza robo mzunguko tu kila mara. Waliozoea kugeuza mzunguko mzima ndio wanaoniletea rimoti zao zikiwa kwenye mifuko ya plastiki.

Wiki ya kwanza tulikaza zote mbili. Kutetemeka kukaisha. Tuliiweka ndege juu ya meza, Orrin akashika rimoti, na ubao wa mkiani uliokuwa ukipigapiga kama kope za macho ukatulia kimya. Alitabasamu mpaka nikaona meno ya pembeni. Lakini alipojaribu kushikilia pua juu kwa muda, kama inavyotakiwa wakati wa kutua, kidole gumba kilichoka kikaachia, ubao ukashuka. Ugonjwa ule haukumpa mtetemeko tu, ulimla na nguvu. Tukalegeza. Mtetemeko ukarudi. Tukakaza ile ya kulaza, tukalegeza ile ya pua. Robo mbele, robo nyuma, wiki tano, kila alasiri, yeye akinywa kahawa yangu na kuisema kuwa ni maji ya kuoshea brashi.

"Wewe fundi au mganga?" akaniuliza siku moja. "Mbona dawa yako ni ya kugeuza kidogo kidogo tu."

Nikamwambia mganga angeshamfukuza.

Sasa nifike kwenye kosa langu, na nalieleza taratibu kwa sababu ndilo lililotufikisha tulikofika. Springi huwezi kuzimaliza mezani. Mezani hakuna upepo, hakuna hofu. Unazipima hewani, na springi ya pua unaipima kwenye sekunde zile nne za mwisho, mtu anapovuta kijiti na kukishikilia huku ndege ikiishiwa mwendo. Mwenye kidole ndiye anayesema imezidi ugumu au imepungua. Na sekunde zile nne, kila Jumamosi, zilikuwa zangu. Orrin alivuta kijiti kilichokuwa hakijaungana na chochote, ndege ikatua laini, halafu ananiuliza ametuaje, nami namjibu vizuri. Basi, anasema, springi ya pua tuiache hapo hapo.

Nilijua bado imezidi ugumu. Nilikuwa nakiona kidole chake kikiinama na kuwa cheupe. Lakini ningemwambiaje tuilegeze, wakati kwa macho ya watu wote anatua kama malaika? Ningesema hivyo, angeuliza kwa nini. Kwa hiyo nikajikausha. Niliona aibu, na aibu ile ilinichosha kuliko kazi.

Siku nne kabla ya mtihani, ndege ilikuwa gerejini kwangu. Kazi yangu ilikuwa kuitenga na rimoti yangu na kuioanisha na ya Orrin, ili imsikilize yeye moja kwa moja. Dakika mbili. Kuna kitufe kidogo ndani ya tumbo la ndege, unakibonyeza na kukishikilia huku unawasha rimoti mpya, taa ikiacha kuwaka na kuzima, mmeshaoana. Nilifungua mfuniko. Nikakiangalia kitufe. Nikamfikiria Orrin akianguka mtihani mbele ya klabu nzima. Nikafikiria pia, na hili sitalificha, kwamba akitua peke yake watu wataona tofauti, watajiuliza ni nani alikuwa anatua tangu mwaka jana. Nikarudisha mfuniko. Orrin alipokuja kuichukua ndege nikamwambia tayari. Darlene aliponipigia simu kuuliza kama nimeshaitenga, nikamwambia nimeshaitenga. Maneno yalitoka bila kujikwaa.

Jumamosi ile kulikuwa na baridi, kwa hiyo koti langu kubwa halikumshangaza mtu. Ndani ya koti nilikuwa nimeining'iniza rimoti yangu shingoni, imewashwa tangu garini, kidole tayari kwenye swichi. Kwa kawaida rubani husimama na mwenzake wa kumtazamia ndege nyingine, na mwenzake Orrin siku zote ni mimi. Darlene alisimama nyuma yetu na karatasi kwenye ubao wake. Orrin alikuwa ameshawasha ndege na kupima vibao vyote kabla sijafika pale alipo, na sikuona ajabu yoyote.

Akairusha. Nilikuwa nimesahau jinsi mtu yule anavyorusha. Springi zilikuwa zinafanya kazi yake, mabawa yametulia kana kwamba yamewekwa juu ya rafu. Alizunguka mara mbili. Namba nane yake ilikuwa nono na sawa pande zote. Darlene akaandika. Mimi nikaanza kuomba kimoyomoyo kwamba labda, labda, haitahitajika.

Akapunguza nguvu, akakata kona ya mwisho juu ya mabua ya mahindi ya mwaka jana, akaielekeza kwenye nyasi. Nikamtazama kidole. Kilikuwa cheupe. Pua ikainuka, ikashikilia, ikashikilia, halafu nikaona kidole kinaanza kuteleza. Springi ilikuwa inamshinda. Nikaachia swichi ndani ya koti, nikavuta kijiti changu.

Ndege haikunisikia.

Nikavuta tena, mpaka kijiti kikagonga mwisho. Hakuna kitu. Nikadhani betri yangu imekufa, nikadhani nimevuta kijiti kisicho chenyewe. Na ndege huku inashuka pua. Orrin akanguruma kama mtu anayenyanyua gunia, akaongeza kidole cha pili juu ya kijiti, pua ikarudi juu nusu ya inavyotakiwa. Gurudumu la kulia likapiga chini. Ikaruka, ikapiga tena, ikakimbia upande, ikasimama imeinama na panga la injini yake limevunjika.

Hakuna aliyepiga makofi. Darlene alikwenda taratibu mpaka kwenye ndege, akachuchumaa, akatazama mstari mweupe. Aliporudi alisema gurudumu moja liko nje ya mstari, upana wa kiganja. Alisema kuruka na kuzunguka hakuna dosari, lakini kutua hakukufaulu, na anaweza kurudia baada ya wiki nne. Mpaka hapo arushe na mimi kama zamani. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, lakini alimshika Orrin bega kabla ya kuondoka, na Darlene si mtu wa kushika mabega.

Tulibeba ndege mpaka kwenye gari langu, tukakaa wawili kwenye ubao wa nyuma uliofunguliwa. Koti langu lilikuwa limejaa kama la mwizi wa kuku. Orrin alinyoosha mkono unaotetemeka, akafungua kifungo cha juu, akaitazama rimoti, akakifunga tena. Alichukua muda mrefu na kifungo kile, na mimi sikuthubutu kumsaidia.

Akaniambia kwamba Alhamisi alitaka kuzoesha mkono jikoni kwake, akawasha ndege, akawasha rimoti yake, na ndege ikakaa kama maiti. Akaelewa. Kile kitufe cha ndani alikibonyeza mwenyewe. Kinatakiwa kishikiliwe bila kuachia, na mkono wake ulikuwa unaachia kila mara, kwa hiyo ilimchukua asubuhi nzima na kijiko cha mbao.

Nilianza kuomba radhi. Nikasema niliogopa ataaibika, nikasema sikutaka ndege ivunjike, nikasema na mengine. Yote yalikuwa kweli na yote yalikuwa hayana maana.

"Lowell," akasema, "wewe unatua na gurudumu la kushoto kwanza. Miaka ishirini na sita sasa unatua hivyo. Unadhani mimi sijui kutua kwako?"

Nikamuuliza alijua lini.

"Ile Jumamosi ya kwanza kabisa. Ndiyo maana nilikuuliza nimetuaje. Halafu nikakuuliza Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata. Nilikuwa nakuachia mlango wazi, bwana. Hukuingia hata siku moja."

Nimefundisha watu zaidi ya themanini kurusha, nimewaambia wavulana wa miaka kumi na wazee wenye pesa zao kwamba wametua ovyo, mbele za watu, bila huruma. Yeye peke yake, aliye rafiki yangu, nilimdanganya majira matatu. Machozi yalinijia nikayasingizia upepo, ingawa upepo ulikuwa unavuma kutoka nyuma yetu.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia wazi mapema.

Alifikiri. Alisema mwanzoni alikuwa na hasira. Baadaye akaona nimechoka, na kwamba mtu aliyechoka namna ile akikufanyia jambo, hata la kijinga, ni vigumu kumtupia usoni. Tena alikuwa anapenda makofi, akasema, hata ya mtu mwingine. Ila springi ndizo zilizomkera. Wiki tano anageuziwa skrubu kwa kutua kusikokuwa kwake, hajui kidole chake kinahitaji nini, na hana namna ya kujua.

Kisha akatoa vidonge vyake mfukoni, akameza kimoja na kahawa yangu ya kwenye chupa, akakunja uso. Huko uwanjani mtu alikuwa anawasha injini nyingine. Darlene alikuwa anapaka upya mstari mweupe pale gurudumu lilipoufuta.

"Nimetuaje, Lowell?" akauliza.

Nikamgeukia.

"Vibaya," nikasema. "Umetua vibaya sana. Umeachia pua mapema, ukaivuta umeshachelewa, na ulikuwa umesogea kulia tangu kwenye kona."

Alitikisa kichwa akikubali, taratibu, na sikumbuki kumwona ametulia vile tangu ugonjwa umpate. Mkono ulitetemeka kama kawaida yake, lakini uso wake ulikuwa wa Orrin wa zamani. Akaipindua rimoti yake chali mapajani pangu, mgongo juu, na kusukuma sanduku la vifaa kwa mguu.

"Springi ya pua ni ngumu," akasema. "Legeza."

Nikatoa betri. Nikabandua mpira, nikafungua skrubu sita, nikaziweka kwenye kofia yangu zisipotee. Nilikuwa nimechoka hadi kwenye mifupa, na wiki nne zilizokuwa mbele yangu nilizihesabu zote. Nikashika bisibisi, nikageuza kushoto robo mzunguko, nikampa kijiti akivute.

"Bado," akasema.

Nikageuza robo nyingine.